Taroti yenye picha za kizamani: omba kuona kadi za namba kabla hujalipia

Swali la msomaji: "Kaka habari za kazi. Nataka kununua taroti yangu ya kwanza, zile kadi za picha za kubashiria. Nachora kidogo na napenda sana picha za kizamani, zile za rangi ya chai, kingo za dhahabu, nguo za watu wa zamani. Mtandaoni naona kila pakiti imeandikwa vinteji, yaani ya kizamani, mpaka nachanganyikiwa. Kuna moja nimeipenda ila muuzaji kaonyesha kadi sita tu. Mdogo wangu yuko Uingereza na anakuja Tanga mwisho wa mwaka, ataninunulia huko. Nataka kujifunza kuzisoma kweli, sio za kuweka kabatini. Nichukue ipi?"

Dada, salama kabisa, asante kwa swali na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hela haijatoka, manake hapa ndo watu wengi wanapopigwa. Mtu anapenda boksi, ananunua, anafungua, anazitazama siku mbili tatu na kweli zinapendeza, halafu anajaribu kuzisoma hazisomeki, anaanza kudhani tatizo ni yeye hana kipaji kumbe alichonunua hakikuwa kinamfaa tangu mwanzo.

Hizo kadi sita ulizoonyeshwa, nakisia ni Mwezi, Jua, Nyota, Wapendanao, labda na Kifo na Gurudumu la Bahati. Wauzaji karibu wote wanaonyesha hizohizo kwa sababu ndo zinazopendeza na ndo msanii anaweka nguvu zake zote hapo. Lakini hesabu mwenyewe. Taroti kamili ina kadi 78. Kadi kubwa, zile zenye majina, ni 22 tu. Zilizobaki 56 ni ndogo na zimegawanyika aina nne, kila aina kadi 14, yaani moja mpaka kumi halafu watu wanne wa ikulu ambao ni kijana mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Aina zenyewe kama umewahi kucheza karata nyumbani unazo tayari: kopa ni vikombe, uru ni sarafu, shupaza ni mapanga na pau ni fimbo. Sasa kadi za namba peke yake zinafika 40, zaidi ya nusu ya pakiti nzima, na ukitandaza kadi mezani hizo ndo zitakazojaa. Kwa hiyo pakiti unainunua kwa hizo 40, zile sita nzuri ni tangazo.

Mwandikie muuzaji leo, muombe picha tatu: tano ya kopa, nane ya shupaza na sita ya uru. Basi. Zikija utaona moja kati ya mambo mawili. Aidha kuna watu na tukio, mtu kavaa joho jeusi kainama mbele ya vikombe vitatu vilivyomwagika na viwili vimesimama nyuma yake hajaviona, mwanamke kafungwa kamba na kitambaa machoni kazungukwa na mapanga, tajiri kashika mizani anagawa sarafu kwa maskini wawili waliopiga magoti. Au utaona vitu tu, vikombe vitano vimepangwa na majani katikati, mapanga nane yamepinda yamepishana, sarafu sita na maua, hakuna mtu hata mmoja. Hizo ni familia mbili tofauti za taroti na zinasomwa tofauti. Muuzaji akikataa kutuma hizo picha au akasema hana, achana naye, hata kama boksi ni zuri vipi.

Sisemi moja ni bora kuliko nyingine. Ile ya vitu tu inasomwa kwa namba, kwa aina, kwa mtu wa kadi hii anamtazama nani kwenye kadi ya jirani, na kuna watu wanaisoma vizuri mno kuliko wenye picha za matukio. Ila wewe unajifunza peke yako, uko Tanga, huna mwalimu wa kukaa nae, na unachora, jicho lako linasoma mkao wa mtu na mkono na uso. Kwako mi nasema wazi anza na yenye matukio. Ya vitu tu itakuja baadae na utaipenda zaidi.

Sasa hilo neno vinteji, kwa wauzaji limebeba mambo mengi yasiyofanana kabisa, ngoja tupite zamani yenyewe kidogo ndo utaelewa unachouziwa.

Taroti za zamani kabisa zilizobaki zilichorwa kwa mkono kaskazini mwa Italia miaka ya 1400, na zilikuwa za kuchezea mchezo wa kushindana ambapo karibu zote za zile kadi 22 zilikuwa ndo turufu. Maarufu kuliko zote ni Visconti-Sforza ya Milano, ya miaka ya 1450 hivi, ina dhahabu kwenye mandhari ya nyuma, kila kadi ni ndefu karibu sentimita 17 na nusu. Leo zimebaki 74, zimetawanyika: 35 ziko Morgan Library New York, 26 ziko Accademia Carrara mji wa Bergamo, na 13 ni za familia ya Colleoni. Nne hazipo, Ibilisi, Mnara, tatu ya shupaza na mpanda farasi wa uru. Maana yake kila nakala ya Visconti inayouzwa leo, hizo nne zimechorwa upya na mtu wa juzi, na kila mchapishaji ana Ibilisi wake. Hili halina ubaya ila ulijue, usije ukamwonyesha mtu Ibilisi wa kisasa ukadhani ni wa Milano. Halafu kadi zenyewe hazina namba wala majina juu yake. Kwa anayeanza hiyo ni kazi ngumu, nzuri kwa kutazama tu, kwa hiyo usiichukue kama ya kwanza.

Kuna nyingine ya Italia, Sola Busca, ya mwaka 1491 hivi, imechongwa kwenye bamba la shaba, sasa iko jumba la sanaa la Pinacoteca di Brera, Milano. Hii naitaja kwa sababu wewe ni mchoraji. Kadi zote 78 zina picha kamili, nyingi zikiwa na watu, hata za namba, jambo ambalo wenzake wa wakati ule hawakufanya, na wachapishaji wametoa nakala zake. Ni ya ajabu, imejaa majina ya mashujaa wa Kirumi na viumbe visivyoeleweka, kujifunza nayo kusoma ni mateso, lakini kwa mtu anayetaka kujua mistari inabebaje mwili wa mtu ni hazina. Iweke kwenye orodha ya baadae.

Halafu Ufaransa. Kinachoitwa taroti ya Marseille ni mtindo uliochapwa kwa karne nyingi na mafundi wengi: Jean Noblet wa Paris katikati ya miaka ya 1600, Jean Dodal wa Lyon mwanzoni mwa miaka ya 1700, na Nicolas Conver wa Marseille ambaye toleo lake la 1760 ndo limenakiliwa kuliko yote. Hizi zilichapwa kwa mchongo wa mbao, mstari mweusi unapigwa kwanza, halafu rangi zinapakwa kwa stensili, yaani karatasi iliyotobolewa, moja baada ya nyingine, nyekundu, bluu, njano, kijani, na kwa kuwa fundi anafanya haraka rangi inatoka nje ya mstari, mdomo wa mtu unakuwa mwekundu mpaka shavuni. Mi huko rangi kuvuka mstari nakupenda kuliko kitu chochote kwenye kadi za zamani, unaona kabisa mkono wa fundi aliyekuwa anakimbizana na kazi. Ila kuna matoleo yameusafisha. Ukiona toleo la Marseille limeandikwa limekarabatiwa, kama la Camoin na Jodorowsky la 1997 au lile la Yoav Ben-Dov linaloitwa CBD, ujue mistari imechorwa upya na rangi zimekaa ndani ya mipaka. Ni masafi, yanasomeka, lakini hayana ule uchakavu unaoutaka wewe. Ukitaka uchakavu tafuta nakala ya picha ya pakiti ya zamani yenyewe, yenye madoa na yote. Na za namba humu zote ni za vitu tu, hakuna matukio.

Milano pia miaka ya 1830 walitoa pakiti nzuri mno, mchapaji akiwa Gumppenberg na mchongaji Carlo Della Rocca, watu wanaiita Soprafino. Nguo, sura, manyoya ya kofia, kila kitu kimechongwa kwa mstari mwembamba kabisa. Kama moyo wako unaenda kwenye nguo za watu wa zamani, hiyo ndo kilele, ila nayo kwenye namba ni vitu.

Hapa kuna jambo moja la kukulinda. Ukikutana na muuzaji anakuambia picha zake ni za Misri ya kale, hizo ni hadithi. Wazo la Misri alilitoa Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781, bila ushahidi wowote, na wakati huo maandishi ya Kimisri yalikuwa hayajasomwa na mtu, msomi wa Kifaransa Champollion aliyafungua mwaka 1822. Baada ya Court de Gébelin ndo akaja Etteilla, mpiga ramli wa Ufaransa, akatoa pakiti yake ya kutabiria mwaka 1789. Kwa hiyo pakiti za Kimisri zipo, nyingine zinavutia kabisa, lakini zilichorwa baada ya hadithi hiyo kusambaa, usizilipie bei ya kitu cha mafarao.

Sasa twende London 1909, hapa ndo pa kukaa kidogo manake karibu kila kinachouzwa leo kwa jina la vinteji kinatoka hapa. A. E. Waite, mwandishi wa mambo ya siri za kiroho, alitaka pakiti mpya, akampa kazi ya kuchora dada mmoja anaitwa Pamela Colman Smith, kampuni ya William Rider wakaichapa Desemba ya mwaka huo. Smith alizaliwa London 1878, sehemu ya utoto wake ilipita Jamaika, akasoma sanaa Brooklyn, alikuwa anasimulia hadithi za Anansi, yule buibui mjanja, kwa lafudhi ya Jamaika mbele ya watu London na alizitoa kitabu mwaka 1899. Alifanya kazi pia na watu wa tamthilia wa ukumbi wa Lyceum, na ukizijua hizo habari ukarudi kwenye kadi zake unaziona: kuna kadi kibao ambapo watu wamesimama mbele ya mstari mmoja ulionyooka, nyuma kuna mandhari kama pazia lililopakwa rangi, yaani mtu yuko jukwaani. Ndo maana zinasomeka. Mtu wa jukwaani anajua kumweka mtu asimame vipi ili wa kiti cha nyuma kabisa aelewe kwamba huyu ana huzuni.

Yeye ndo aliyeweka matukio kwenye karibu kadi zote za namba za pakiti hiyo, kwa kufanya hivyo akabadilisha kila kitu kilichofuata. Wanaofuatilia historia wanaamini aliiona ile Sola Busca kwa picha zilizokuwepo British Museum tangu 1907, na ukiziweka pamoja hubishi, ule moyo uliochomwa na mapanga matatu upo kwa wote wawili, na yule mtu aliyebeba mzigo wa fimbo kumi mgongo umepinda, kwenye Sola Busca kabeba mapanga kumi hivyohivyo. Alifanya kazi yote ndani ya miezi michache, na Novemba 1909 akamwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz wa New York kwamba kamaliza kazi kubwa kwa hela kidogo sana. Alifariki mwaka 1951 Bude, kusini magharibi ya Uingereza, akiwa na madeni, na kwa miaka mingi pakiti iliitwa Rider-Waite tu, jina la mchapishaji na jina la aliyeagiza, lake halimo. Ukishika kadi zake tazama pembeni chini, utaona alama ndogo imesokotwa, ni herufi za jina lake. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo maana nitakuomba jambo chini huko.

Tatizo la Smith kwa mtu anayetaka ukale ni rangi. Michoro yake ya asili haijulikani ilipo, kilichobaki ni kadi zilizochapwa, na hizo matoleo ya mwanzo yanatofautiana, watoza kadi wanayaita kwa herufi A mpaka D. Pakiti ambayo watu wengi wanaijua, ile ya boksi la njano iliyosambazwa na U.S. Games Systems kuanzia 1971, rangi zake ni kali, njano inapiga kelele, bluu imekolea, ukiitazama hutasema ni kitu cha 1909. Halafu mwaka 2009, kutimiza miaka 100, wachapishaji haohao wakatoa Smith-Waite Centennial Edition, na hiyo imefuata rangi za mwanzo, zimepoa, zina vumbi kidogo, kijivu na kahawia na njano ya nyasi kavu, na jina la Smith limetangulia la Waite kwenye boksi. Mistari inaonekana vizuri kuliko kwenye ile ya njano kwa sababu rangi haiigombanishi.

Kingine kinachoeleza kwa nini soko limejaa ghafla: hakimiliki ya picha za Smith Uingereza na Ulaya ilikuwa inadumu miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo iliisha mwisho wa 2021. Tangu hapo yeyote mwenye kompyuta anachukua picha zake, anaweka rangi ya chai juu, anaongeza mikunjo ya karatasi, anachapa na kuandika vinteji. Nyingi ya hizo unazoziona ni hivyo. Sio kosa kisheria, na nyingine zimefanywa kwa heshima, lakini hulipii kazi ya msanii mpya, unalipia doa.

Doa lenyewe unaligundua hivi. Weka picha za kadi nne tano pamoja kwenye simu utazame kona. Karatasi ya zamani kila moja inazeeka kivyake. Ukiona mkunjo uleule kona ya juu kulia kwenye kadi zote, doa lilelile la kahawia chini ya mguu wa kila mtu, basi ni kichujio kimepitishwa juu ya zote kwa mpigo mmoja.

Na siku hizi kuna zilizotengenezwa na akili bandia, hizi uwe mkali nazo. Hesabu. Nane ya shupaza iwe na mapanga nane, sio saba wala tisa. Kumi ya pau iwe na fimbo kumi. Tazama vidole vya anayeshika kikombe, tazama kwato na miguu ya farasi, tazama maandishi kama yamekamilika. Mashine inatengeneza uso mzuri wa mwanamke wa zamani bila shida ila kuhesabu inashindwa mara kwa mara, na kadi ya namba isiyo na namba yake haifai kwa lolote. Kuna kipimo kingine cha kujua kama aliyetengeneza anajua kazi: Haki na Nguvu. Kwenye mtindo wa Marseille Haki ni ya 8 na Nguvu ni ya 11, Waite akazibadilisha, Nguvu ikawa ya 8 na Haki ya 11. Zote sawa. Lakini pakiti inayodai ni ya Marseille halafu Nguvu ikawa ya 8, au namba nne imeandikwa IV badala ya IIII ya kizamani, au kadi ya 13 ina jina wakati kwenye Marseille za zamani kwa kawaida inaachwa bila jina, hapo ujue mtu kapita tu juujuu.

Zipo za siku hizi zilizofanywa kwa mapenzi, nisikukatishe tamaa. Golden Tarot ya Kat Black, Mwaustralia, ni kolaji, kakata vipande vya michoro ya Ulaya ya enzi za kati na ya Renaissance akaviunganisha upya mpaka vikawa kadi 78, za namba zina matukio yanayofuata Smith, na kingo zake ni za dhahabu. Baba Studio, iliyokuwa Prague, ilitoa Victorian Romantic kutokana na michongo ya karne ya 19 iliyotiwa rangi, nzuri ajabu, ila inachapwa kwa awamu na ikiisha bei ya mkono wa pili inapanda vibaya. Lo Scarabeo wa Torino wana Tarot Mucha, ambayo ni michoro mipya ya kufuata mtindo wa Alphonse Mucha, mchoraji maarufu wa mabango ya zamani, yeye mwenyewe hakuchora taroti. Mi kwenye hizo tatu ya Kat Black ndo ninayompa anayeanza bila wasiwasi.

Kuhusu rangi ya chai unayoipenda, naomba ufanye jaribio moja kabla. Chukua picha za kadi tisa za hiyo pakiti, zifanye nyeusi na nyeupe kwenye simu, zipunguze mpaka kila moja iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Unazitofautisha? Kama zote zimekuwa ukungu mmoja wa kijivu, basi jioni chini ya taa zitakuwa hivyohivyo hata zikiwa na rangi, na kusoma taroti ni jicho kuruka kadi hadi kadi haraka, ukianza kuinamia kila moja kutafuta nani ni nani umeshapotea. Pakiti nyingi za kahawia zinaangukia hapa.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Kipimo cha kawaida ni milimita 70 kwa 120, kwa mkono mdogo ni kubwa, mdogo wako azishike dukani achanganye mara mbili tatu kama inawezekana. Kingo za dhahabu zikiwa mpya zinagandana, zitenganishe moja moja taratibu siku ya kwanza la sivyo dhahabu inabanduka. Na wewe uko pwani, dada, unyevu wa Tanga utazipinda kadi hasa zile zisizo na plastiki juu, zenye uso mkavu wa kisasa. Chukua zenye laminesheni nyepesi, ziweke kwenye kopo la bati linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, mbali na dirisha. Zikianza kupinda zibane chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Nakala feki zimejaa kwenye masoko makubwa ya mtandaoni na dalili zake zinajirudia: boksi laini la kukunja wakati la asili ni gumu, kadi ni ndogo kuliko kipimo kilichoandikwa na mchapishaji, badala ya kijitabu kuna karatasi yenye msimbo wa kuskani, picha zina ukungu kwa sababu zimeskaniwa kutoka kadi iliyochapwa tayari, na bei ni nusu au robo. Pakiti za kawaida za wachapishaji wakubwa mara nyingi zinacheza dola 20 mpaka 30, ukiona dola 6 hata usijiulize. Na hili ndo ombi langu: usinunue pakiti isiyotaja jina la aliyechora. Muulize muuzaji, nani kachora? Akishindwa kujibu swali hilo moja, ujue ama imeibwa ama haina mchoraji. Wewe mwenyewe unachora, unajua inavyokuwa kazi yako ikitembea mjini bila jina.

Basi kwako mi nasema Smith-Waite Centennial. Ni ya kizamani kweli sio ya kupakwa uzamani, rangi zimepoa unavyotaka, karibu kila kadi ya namba ina tukio, maelezo yake yako kila mahali hata Kiingereza chako kikiwa cha kawaida, na Uingereza inapatikana kirahisi. Haina kingo za dhahabu. Kama dhahabu ndo huwezi kuikosa, chukua ya Kat Black, hutajuta. Ile uliyoipenda isubiri zile picha tatu, na ikiwa ni Smith aliyepakwa chai tu, nunua Smith mwenyewe. Ukishazisoma kwa mwaka mmoja hivi bila kufungua kijitabu kila saa, ndo uagize Conver ya 1760, nakala yenye madoa, na ukae na vikombe vitano visivyo na mtu.

Mwambie mdogo wako afungue pakiti kukiwa bado kuna nafasi ya kurudisha, ahesabu 22 za majina halafu 14 mara nne. Zikifika 80 asishtuke, wachapishaji wengi wanaongeza kadi mbili za matangazo au maelezo. Zikiwa 77 arudishe siku hiyohiyo.